Siku mbili Al Ain na mama yangu wa Tanga: tule wapi, tunywe nini, tuone nini?

#1 Nesi wa Sharjah

Habari za humu wakuu. Mimi ni nesi, huu ni mwaka wa nne niko Sharjah. Mama yangu anakuja kutoka Tanga katikati ya Februari, atakaa wiki tatu. Dubai nitampeleka siku moja, aone lile ghorofa refu, tupige picha, basi. Namjua, atauliza "sasa hapa watu wanaanika wapi nguo?"

Ninachotaka hasa ni kumpeleka Al Ain. Sababu yenyewe ndogo: tangu nipate akili nimemwona mama akifuturu kwa tende kila Ramadhani, na hajawahi kuuona mtende kwa macho yake. Nimeshamwahidi atawaona kwa maelfu.

Ana miaka 63, magoti yanamsumbua, ana presha ya kawaida ya umri. Hali vyakula asivyovijua, na bila kahawa siku haianzi. Nina likizo ya siku mbili, gari sina. Nimesikia mji umepakana na Oman mlango kwa mlango, upande wa pili ni Buraimi. Tunaweza kuvuka tukala huko tukarudi? Wenyeji leteni maneno.

#2 Kisauni Asili

Dada, Al Ain kuna nini? Mimi nimekaa kule miezi minane kikazi, nikitoka zamu saa tatu usiku mji kimya, waona paka tu. Hakuna bahari, hakuna maghorofa. Mpeleke mama pwani ya Jumeirah apigwe na upepo, akumbuke kwao.

#3 Dereva wa Hili

Kisauni, mtu wa Tanga umpeleke baharini? Bahari ameiacha nyumbani!

Dada nesi, karibu. Niko Al Ain tangu 2014, naendesha basi la shule, kwa hiyo mji huu naujua alfajiri na alasiri, na hizo ndizo saa zake. Usianze kuuliza wapi, anza kuuliza saa ngapi. Watu wanafika hapa saa sita mchana, wanazunguka na teksi juani, kisha wanarudi kusimulia kwamba hakuna kitu. Saa sita mchana hata ngamia amelala.

(Saa zote nitakazotaja ni za kwetu. Kuna kijana wa nyumbani aliyekulia Dubai nilimwambia tukutane sokoni saa moja, akaja saa saba mchana na kofia ya jua.)

Kwanza kuja. Kutoka Dubai kuna basi la E201, linaanzia kituo cha Al Ghubaiba, nauli dirhamu 25, unalipa kwa kadi ya nol. Ni kama kilomita 130. Pandeni la mapema. Februari huku asubuhi kuna baridi kavu, mama aje na sweta na mtandio mzito. Unyevunyevu wa Sharjah hautaukuta, hapa ni jangwa la ndani, jasho linakauka kabla hujalifuta, kwa hiyo anywe maji hata kama hana kiu. Lakini hilo wewe nesi unalijua kuliko mimi.

Sasa mitende. Al Ain maana yake ni chemchemi, na chemchemi ndiyo iliyouleta mji, mji ndio uliokuja kuizunguka. Katikati kabisa, dakika chache kutoka stendi, kuna shamba linaitwa Oasis ya Al Ain. Hekta 1,200, mitende zaidi ya 147,000. Hakuna kiingilio. Njia zimesakafiwa, hazina kilima, pande zote kuna kuta fupi za udongo na nyuma ya kuta ni mashamba ya watu. Ingieni saa mbili asubuhi. Ukipita lango tu unasikia baridi imebadilika, kelele za magari zinakatika, unabaki na njiwa na maji.

Hayo maji ndiyo ya kumwonyesha mama. Wanaita falaj, ni mfereji. Watu wa kale walikwenda chini ya milima wakachimba kisima mpaka wakapata maji, halafu badala ya kuyavuta juu wakachimba njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo sana, kilomita na kilomita, hadi maji yakatokeza yenyewe shambani. Hakuna pampu, hakuna ng'ombe wa kuzungusha gurudumu. Maeneo ya hapa yana mifereji ya aina hiyo ya miaka kama 3,000. Na maji yaligawiwa kwa muda: shamba lako lina zamu yake, zamu ikiisha mtu anaziba mdomo wa mfereji kwa kitambaa na jiwe, anafungua kwa jirani. Mchana walipima kwa kivuli, usiku kwa nyota. Sasa unaelewa kwa nini nasema mji huu ni wa saa.

Habari mbaya: tende juu ya mti hataziona. Februari hazipo. Tende zinaiva kuanzia Juni hadi Septemba, na Julai joto hapa linapita nyuzi 45. Nilitaka ulijue mapema usije ukaambiwa mwongo na mama yako.

#4 Nesi wa Sharjah

Ee Mola. Nimeshamwambia atachuma kwa mkono wake.

#5 Kisauni Asili

Hahahaa! Mnunulie sokoni umtundikie usiku.

#6 Dereva wa Hili

Usikate tamaa, Februari kuna kitu kingine mitendeni, lakini sikuambii, ukibahatika utakiona.

Nimalizie chakula. Umesema hali asivyovijua. Sawa, mpe majina ya kwao:

Harees ni bokoboko. Ngano na nyama vimepondwa mpaka vimekuwa kitu kimoja, samli juu. Luqaimat ni kaimati, ila huku wanamwagia asali ya tende badala ya shira. Balaleet ni tambi za sukari na iliki, tofauti yake wanaweka kimanda cha yai juu, mwanzoni utashangaa, tonge la tatu hushangai. Machboos ni ndugu yake pilau, ana limau kavu jeusi ndani. Nyama ya mandi ni ya Wahadhrami, na Tanga Wahadhrami wamejaa, atakuwa ameshaila harusini.

Kwa hiyo asubuhi tafuteni mkahawa wenye regag, ule mkate mwembamba kama karatasi unaopikwa juu ya chuma cha duara, wanapaka yai na jibini. Mchana mandi au machboos, sahani moja inawatosha nyie wawili na kubaki. Usiku kaimati na chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, dirhamu moja au mbili. Pesa ikiwa kidogo, nendeni Sanaiya, mtaa wa magereji: Wapakistani na Wabangali wanapika dengu, chapati na kima, unakula ukashiba kwa bei ya soda ya hotelini. Meza si nzuri, na mchana wa Ijumaa utasubiri kiti. Mimi nala huko siku nne kwa wiki.

#7 Mla Nchi

Wakuu na sisi wa vinywaji? Mada inasema "tunywe nini" nimekuja mbio.

#8 Dereva wa Hili

Mada ni ya mama wa miaka 63, mkuu. Ila nikujibu: pombe ni kwenye hoteli zenye kibali, kubwakubwa. Nje ya hapo usifungue chupa, si bustanini, si kwenye gari. Na ukinywa hata kidogo usishike usukani, hapa hakuna "nimekunywa mbili tu". Mimi wangu ni maziwa ya ngamia. Yana chumvi kwa mbali, mepesi kuliko ya ng'ombe. Mara ya kwanza kunywa kidogo, tumbo lizoee.

#9 Mama Nasra (Buraimi)

Assalaam alaykum wanangu. Nnasoma siku zote humu siandiki, leo nimeona jina la mji wangu nikasema nitie neno.

Mimi nilizaliwa Wete, Pemba. Baba alituleta Oman 1973, baada ya Sultan Qaboos kuwaita watu warudi. Nimeolewa Buraimi, wajukuu wangu wanasema Kiswahili cha kuvunjavunja.

Huyo dereva kaeleza vizuri, ila mmeugawa mji kama wageni. Al Ain na Buraimi ni chemchemi moja. Zamani vilikuwa vijiji tisa: sita vya upande wa Abu Dhabi, yaani Al Ain yenyewe, Hili, Jimi, Qattara, Mutaradh na Muwaiji, na vitatu vya kwetu Oman, Buraimi, Hamasa na Saara. Watu walioana, walilima pamoja, waligombana pamoja. Mwaka 1952 Wasaudi wakaja wakakaa Hamasa, wakidai ni yao, mpaka walipotolewa 1955. Mambo ya harufu ya mafuta hayo. Wao na Imarati walipatana kwa mkataba 1974.

Mimi nilipoolewa hapakuwa na mpaka wa kuuona. Nikitumwa nyanya naingia Al Ain kwa miguu, narudi. Hivyo hivyo mpaka miaka ya 2000, ndipo ukaja uzio na vituo. Siku hizi sisi wenye uraia wa nchi za Ghuba tunapita kwa kitambulisho. Wageni mpaka kituo maalumu, viza, ada ya kutoka.

Sasa mwanangu, mama yako ameingia kwa viza gani?

#10 Nesi wa Sharjah

Shikamoo mama. Viza ya utalii, ya kuingia mara moja.

#11 Mama Nasra (Buraimi)

Marahaba mwanangu. Basi usimvushe. Akitoka tu viza imekufa, kurudi itabidi muombe nyingine, utamtia mama wa watu kwenye kiti cha kituoni na magoti yake. Wewe mwenye ukaazi ukitaka kuja siku nyingine angalia kwanza masharti ya Oman kwa wakaazi wa Imarati, maana yanabadilika, usitegemee aliyevuka mwaka juzi.

Ukija nitakuonyesha ngome mbili. Moja inaitwa Al Khandaq. Wewe Mswahili umeshaelewa: handaki! Imezungushiwa handaki kweli, pana, kavu, adui akija lazima ashuke kwanza ndipo apande. Ya pili ni Al Hillah, hiyo nzuri kwa mapambo ya plasta, iko karibu na soko. Sokoni dirhamu wanapokea, rial moja ni kama dirhamu tisa na nusu, chenji utarudishiwa baisa, na baisa ni dada wa neno letu pesa, yote mawili yametoka kwa paisa wa Bara Hindi.

Na jioni kuna mshikaki. Waomani wanauita mishkak, wanachoma kando ya barabara na kupaka ukwaju. Waulize wenyewe, watakwambia uliletwa na watu waliotoka Afrika. Moshi wake ukinipata nikiwa garini nakumbuka Forodhani, na mimi Forodhani nilikaa wiki mbili tu maishani.

#12 Simba Damu

Hamjataja mpira hata mara moja, mnaniuma. Al Ain FC, jezi za zambarau, mabingwa wa Asia 2003 na tena 2024. Mwaka 2018 walifika fainali ya klabu bingwa ya dunia, wakaitoa River Plate kwa penalti, wakafungwa 4-1 na Real Madrid. Asamoah Gyan alicheza hapo akafunga mpaka wakamchoka. Uwanja wao, Hazza bin Zayed, umefunikwa ukuta wa nje ulioigwa kwenye shina la mtende. Usiku ukiwashwa taa ni mzuri kuliko mechi yenyewe, kuna siku.

#13 Kisauni Asili

Yaani hata uwanja ni mtende. Nimekubali, mji wa tende.

Lakini Jebel Hafeet mbona hamuutaji? Hapo ndipo peke yake nilipopapenda.

#14 Dereva wa Hili

Nilikuwa naufikia. Jebel Hafeet ni mlima wa mawe matupu, mita 1,240 hivi, umekaa mpakani, mgongo mmoja uko Oman. Barabara ya kupanda ni kilomita 11.7 na kona 60. Mama hatatembea, gari linafika juu. Muda ni alasiri, saa kumi na nusu muwe mnapanda, jua lizame mkiwa juu, muone taa za Al Ain na za Buraimi zikiwaka pamoja. Kutoka kule huwezi kusema mpaka uko wapi.

Tahadhari mbili. Februari hiyohiyo huwa kuna mashindano ya baiskeli ya UAE Tour, na mlima huu ni mahali pao pa kutesana. Siku yao barabara inafungwa. Angalia ratiba kabla ya kulipa teksi. Pili, teksi ya kushuka huipati kule juu, mwombe dereva awasubiri na mpatane kabla.

Chini ya mlima kuna Mubazzarah ya Kijani. Majani kama kapeti katikati ya mawe, na chemchemi za maji moto. Kuna mifereji ya wazi watu wanakaa ukingoni na kutumbukiza miguu. Kwa magoti ya mama hapo ndipo.

#15 Nesi wa Sharjah

Hapo umenigusa. Dakika kumi tu lakini, kwa presha yake simwachi aloweke nusu saa. Na zuu? Naona wanaitangaza sana.

#16 Mla Nchi

Kutoka Tanzania kwenda kumlipia twiga kiingilio?

#17 Dereva wa Hili

Haha. Ipo tangu 1968 na ni nzuri kwa wenye watoto. Cha kwao ni choroa wa Kiarabu, mweupe, pembe ndefu zimenyooka, walitoweka kabisa porini kabla ya kurudishwa. Lakini kwa siku mbili na magoti yale, iruke.

Usiruke ngome ya Al Jahili. Ilijengwa 1891, ya udongo, ina mnara wa duara uliopangwa kama keki, ghorofa ndogo juu ya kubwa. Ndani kuna picha za Thesiger, yule Mwingereza aliyevuka jangwa la Rub' al Khali na Mabedui miaka ya 1940, wenyeji wakamwita Mubarak bin London. Pale utaona sura za watu wa hapa kabla ya mafuta. Wamekonda, wamekaa kwenye mchanga, bunduki magotini. Mimi huwapeleka wageni hapo kwanza ndipo niwapeleke madukani.

Na ukingoni mwa Oasis kuna jumba alimoishi Sheikh Zayed mpaka 1966, kabla hajawa mtawala wa Abu Dhabi. Vyumba vya udongo, hema uani. Miaka yake 20 ya kuongoza huku kazi aliyosifiwa nayo ni kusafisha na kuchimba mifereji. Si jumba la kustaajabisha, na uzuri wake ndio huo.

Hili Archaeological Park kama muda upo: kaburi la duara la mawe la miaka 4,000, mlangoni wamechonga watu na wanyama. Ni bustani, mama atakaa kivulini. Makale ya Hili pamoja na Oasis yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011.

#18 Kisauni Asili

Soko la ngamia, mpeleke.

#19 Chausiku

Soko la ngamia pelekeni lakini nisikilizeni. Mimi nilikwenda na mwenzangu, tumeshuka tu kwenye gari wakaja vijana watatu, karibu dada, ingia, mshike, busu, piga picha. Tukapiga. Kutoka: dirhamu hamsini kila mtu. Tukabishana pale mpaka mzee mmoja wa Kisudani akaja akawafokea, tukalipa kumi. Tangu siku hiyo nikialikwa kushika mnyama nauliza bei kwanza.

Soko lenyewe ni la kweli, halikuwekwa kwa ajili ya watalii. Utaona ngamia anainuliwa na winchi, kamba tumboni, anawekwa nyuma ya gari dogo kama godoro, anaangalia watu kwa dharau. Lipo nyuma ya Bawadi Mall. Mwisho saa nne asubuhi, baada ya hapo ni harufu tu.

#20 Dereva wa Hili

Chausiku kasema kweli. Jibu ni "la, shukran" na miguu isisimame.

Jambo la mwisho: Kisauni alisema mji umelala usiku. Angetazama vipilefti na bustani. Al Ain ilikuwa ni mji wa vipilefti, kila kimoja na sanamu yake, siku hizi vingi wamevunja wakaweka taa. Familia zinakaa usiku kwenye majani ya bustani na ya kando ya barabara, mikeka, birika, watoto. Kisauni alikuwa akitafuta mlango wenye muziki, ndiyo maana akaona paka.

#21 Mama Nasra (Buraimi)

Mwanangu nesi, nijulishe siku. Nyie hamvuki, mimi navuka. Nitakuja na halua ya Oman kutoka kwa mpishi wangu, ya zafarani, mama yako ataijua kwa harufu.

#22 Nesi wa Sharjah

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani kwa kimya, mama ameondoka juzi.

Basi tulipanda la kwanza Ghubaiba. Mama alilala mpaka tulipoanza kuona vilima vyekundu vya mchanga, akaamka akasema "kumbe jangwa lina rangi." Tulifika Oasis saa mbili na robo. Aliingia langoni, akasimama, akashika ukuta. Nikadhani goti. Akasema "nyamaza, sikiliza." Ni maji. Yalikuwa yanapita pembeni mwa njia kwenye mfereji usiofika shubiri mbili. Alikaa ukingoni robo saa nzima akiuliza zamu ni ya nani na nani akikosa zamu anafanyaje. Sikuwa na majibu yote, nilimsomea maneno ya Dereva kwenye simu.

Chakula: regag aliikubali, aliita "mkate wa kumimina wa hasira." Balaleet alitoa yai akala tambi. Harees alionja, akaweka kijiko, akamwita mhudumu, kijana wa Kihindi, akamweleza kwa Kiswahili kwamba bokoboko linataka kupondwa zaidi. Kijana akasema "yes mama." Kaimati alikula saba.

Kahawa ndiyo iliyotupa kazi. Kwenye ngome ya Jahili mzee mmoja wa pale alitukaribisha. Ni ile ya manjano, nyepesi, iliki tupu. Mama kazoea ya Tanga, nyeusi tii na kashata, akaninong'oneza "hii ni chai imekosea njia." Lakini akanywa kwa adabu. Mzee akajaza. Akanywa. Akajaza. Finjani ya tano nikakumbuka nilichoambiwa kazini, kwamba ukishatosheka unaitikisa finjani kabla ya kuirudisha. Nikamwonyesha. Alitikisa kama anapepeta mchele, mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

Mlimani tulipanda alasiri, siku yetu hakukuwa na baiskeli. Kona ya ishirini mama alifumba macho, akafumbua juu. Taa ziliwaka kama Dereva alivyosema. Mama Nasra alikuwa nasi kwenye gari, maana alivuka mchana na mwanawe, na halua, na mishikaki iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha ikiwa bado na moto. Tuliila kule juu na upepo. Wazee wawili, wa Pemba na wa Tanga, wakabishana ukwaju unawekwa kabla au baada ya kuchoma. Mimi na yule mwanawe tulirudi garini kwa baridi, wao hawakushuka mpaka saa mbili na nusu. Wamepeana namba. Sasa wanapigiana bila mimi kujua.

Mubazzarah asubuhi ya pili, dakika kumi zangu zikawa ishirini na tano. Goti la kushoto anasema limepona. Mimi kama nesi sisemi kitu.

Soko la ngamia tuliliruka. Niliona muda unabaki nikapanga twende Hili, mama akakataa. "Turudi kwenye mitende." Tukarudi.

Na hapo, Dereva, nimekuelewa. Kwenye shamba moja lango lilikuwa wazi, na juu ya mtende alikuwepo mtu. Kamba pana imemzunguka kiuno na shina, anaegemea nyuma, miguu imekanyaga magamba. Mkononi ana vijiti vya maua meupe, anavitia katikati ya kole changa, anafunga, anahamia kole la pili. Alikuwa Mpakistani, akatuonyesha kwa vidole: huu jike, ule dume. Madume ni machache shambani, unachukua ua lake unalipeleka kwa majike mmoja mmoja kwa mkono, usipofanya hivyo Julai huna tende.

Mama aliangalia juu muda mrefu, mkono kiunoni. Halafu akasema kwa sauti, kule kule shambani: "Mgema huyu! Sasa kibuyu chake kiko wapi?"

Yule bwana hakujua Kiswahili, lakini aliona mama anacheka. Aliposhuka akampa karara tupu la mtende dume, refu kama mkono, bado lina unga wa chavua ndani na harufu ya donge la ngano. Mama amelisafirisha hadi Tanga, limefungwa kwenye kanga, amelitundika ukumbini. Majirani wanaitwa kulinusa.

#23 Dereva wa Hili

Mwambie mama arudi Julai kwa ajili ya tende. Feni nitamletea mimi.

#24 Mama Nasra (Buraimi)

Nimeshamwambia. Kasema atakuja, na ukwaju atakuja nao yeye.